Kutoka Kizimbani Hadi Darasani: Lafudhi ya Ukambani na Kazi ya Daniel Ndambuki

1. Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuyatazama matamshi ya watu wa bara kama orodha ya makosa. Mwalimu huyasahihisha, mtahini huyakatia alama, na msomaji habari wa redio hujitahidi kuyaficha. Pahali pamoja tu matamshi hayo hukaribishwa kwa makofi, napo ni katika vichekesho. Kwa sababu hiyo kazi ya mwongozaji wa vichekesho yastahili kutazamwa na mwanaisimu, maana mwongozaji huyo ndiye anayeamua ni nani atakayesema, kwa sauti gani, na mbele ya hadhira ipi.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi ya Daniel Ndambuki, ambaye Wakenya wengi humjua kwa jina la Churchill, kwa kuilinganisha na vichekesho vya televisheni vilivyomtangulia. Hoja yenyewe ni kwamba lafudhi haina cheo chake yenyewe. Hupewa cheo na nafasi anayowekwa msemaji wake, na katika vichekesho vya Kenya nafasi hiyo imebadilika.

2. Masaku na Machakos

Yafaa kuanza na jina la mji. Machakos hutokana na Masaku, mtu mashuhuri wa Ukambani wa karne ya 19. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipojenga kituo chake huko mwaka 1889, wageni hawakuweza kulitamka jina hilo sawasawa. Sauti /s/ ya kwanza iligeuzwa /ch/, na /s/ nyingine ikaongezwa mwishoni bila sababu yoyote katika lugha ya wenyeji. Matamshi hayo yaliandikwa katika ramani na katika daftari za serikali, na mpaka leo hapana anayeyacheka. Wenyeji wamebaki na Masaku yao katika mazungumzo ya kila siku.

Wala Wakamba hawakuwa wageni wa Kiswahili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka Mombasa na kurudi bara. Mmisionari Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, aliongozwa na Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui ambaye njia ya pwani alikuwa akiijua siku nyingi. Kwa hiyo lafudhi ya Kikamba ni miongoni mwa lafudhi kongwe za Kiswahili cha bara, wala haikuzaliwa juzi shuleni.

3. Kanuni za lafudhi hiyo

Mchekeshaji anapoigiza Mkamba, hutegemea mambo machache. La kwanza ni nazali. Kikamba hakitumii vipasuo /b/, /d/ na /g/ peke yake. Sauti hizo hutokea zikiwa zimetanguliwa na nazali, yaani mb, nd, ng. Mkamba aliyekua katika lugha yake, akikutana na gari, basi au daktari, hutafuta sauti iliyo karibu zaidi katika hazina yake, naye hutamka ngari, mbasi, ndaktari. La pili ni /r/, ambayo Kikamba hakina. Mahali pake huja /l/, ndipo gari likawa ngali. La tatu ni /p/, nayo haimo. Pesa iliingia Kikamba kwa sura ya mbesa, na neno la Kiingereza la hospitali likaingia kama sivitali.

Ni dhahiri kwamba hapa hapana ovyo wala uvivu wa ulimi. Kila badiliko lina sababu, na mtu anayezijua fonimu za Kikamba aweza kulitabiri kabla hajalisikia. Ni kanuni zile zile zilizoligeuza neno la Kihindi paisa kuwa pesa katika Kiswahili chenyewe, isipokuwa hizo tumekwisha kuziita sanifu.

Mchekeshaji hachukui kanuni zote. Huchagua mbili tatu zinazotambulika upesi, akazirudia kila mara. Msemaji halisi wa Machakos hubadili matamshi kwa kufuata mahali na mtu anayesema naye: sokoni hivi, ofisini vingine. Lafudhi ya jukwaani haibadiliki. Ni barakoa, na barakoa hutengenezwa.

4. Kizimbani na nyumbani

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Shirika la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya tangu 1964, likarejea jina la KBC mwaka 1989. Miongoni mwa vichekesho vyake vya Kiswahili vilivyodumu miaka mingi ni Vioja Mahakamani na Vitimbi.

Katika Vioja Mahakamani mgawanyo wa lugha hufuata mgawanyo wa mamlaka. Hakimu na mwendesha mashtaka husema Kiswahili kilichonyooka. Mshtakiwa na mashahidi huja na lafudhi za kwao, na kicheko hutokea pale lugha hizo mbili zinapogongana. Mtazamaji hucheka akiwa upande wa meza ya hakimu, na lafudhi husimama kizimbani pamoja na mwenyewe.

Vitimbi vilisogeza jambo hilo mbele. Mzee Ojwang' alikuwa mwenye nyumba: mkali, mwenye hila, mwepesi wa kughadhibika. Kiswahili chake kilikuwa cha Mjaluo, ambaye lugha yake haina /sh/, naye shauri hulifanya sauri. Lakini aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Na mkewe mchezoni, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, ambaye naye si Mjaluo. Hapana ushahidi ulio bora kuliko huu kwamba lafudhi ya jukwaani ni ufundi wa kujifunza. Wanjau aliivaa kwa ustadi mkubwa hata watazamaji wengi wakaamini ndiyo aliyozaliwa nayo.

5. Mwalimu King'ang'i

Ndambuki ni Mkamba. Katika redio ya Classic 105 aliigiza kwa miaka mingi Mwalimu King'ang'i, akijibizana na Maina Kageni asubuhi juu ya ndoa, fedha na malezi. King'ang'i ana lafudhi nzito ya Ukambani, nayo humfuata katika Kiswahili na katika Kiingereza sawasawa. Linalostahili kuangaliwa ni cheo chake. Yeye ni mwalimu, yaani mtu yule yule ambaye kazi yake katika jamii ni kusahihisha matamshi ya wengine. Hahukumiwi na mtu. Yeye ndiye atoaye hukumu.

Katika televisheni Ndambuki alifanya kazi nyingine. Kipindi chake katika NTV, kilichoitwa kwanza Churchill Live kisha Churchill Show, kiliwapa nafasi wachekeshaji wengi vijana, wakiwemo Eric Omondi na Jasper Muthomi. Huko barakoa ya King'ang'i iliwekwa kando, na Ndambuki akawa mshereheshaji aliyewapanga wengine na kuwaachia uwanja. Teacher Wanjiku alisimama jukwaani hapo kama mwalimu mwenye lafudhi ya Kikikuyu, nafasi iliyofanana kabisa na ya King'ang'i. Hapo kila mmoja alileta lafudhi ya kwao mwenyewe, na hadhira iliyochanganyika ikachekwa na kucheka kwa zamu. Hapana meza ya hakimu ambayo mtazamaji angeweza kujificha nyuma yake.

Jambo hilo halikuwa dogo kwa wakati wake. Kipindi hicho kilipata umaarufu katika miaka iliyofuata ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100. Katika siku hizo jina au matamshi ya mtu yaliweza kumponza kizuizini. Lafudhi ambayo jana ilikuwa alama ya kuwindwa ilirudi jukwaani kuwa mali ya mwenye kuisema.

6. Hitimisho

Haifai, hata hivyo, kusifu bila kipimo. Barakoa yenye kanuni tatu, ikirudiwa kila asubuhi, huweza kuwafanya wasikilizaji wadhani Mkamba hana sauti nyingine. Mtoto wa Machakos anayechekwa darasani kwa kusema ngali hafaidiki na umaarufu wa King'ang'i ikiwa wenzake wamejifunza kicheko bila kujifunza kanuni.

Kufundisha kanuni hiyo ni kazi ya idara za lugha. Mwalimu akiweza kumweleza mtoto huyo kwamba nazali yake ina chanzo, kwamba pesa nayo ilipita njia hiyo, na kwamba jina la mji wake katika ramani ni matamshi ya mgeni yaliyopata muhuri wa serikali, mtoto atajifunza matamshi sanifu bila kuyaonea haya ya kwao. Nyani haoni kundule. Kila msemaji wa Kiswahili ana lafudhi, awe wa Machakos, wa Kisumu au wa Mombasa. Waongozaji wa vichekesho wamekwisha kuiondoa lafudhi kizimbani na kuipa chaki. Yasikitisha kuwa katika vitabu vyetu vya isimu ingali inasubiri kusikilizwa.