Je, Wajua? Vali Ndogo Inayoshika Sailensa ya Gari

Injini ya petroli yenye silinda nne, gari likiwa limesimama kwenye foleni na injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, huunguza mafuta na hewa mara 1,600 kila dakika. Wakati huo dereva ameondoa mguu kwenye pedali, na kibao cha kupitishia hewa kimefunga njia karibu yote. Hewa hiyo inapita wapi?

Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, hupita mlango wa uani: njia nyembamba pembeni mwa kibao, inayolindwa na vali ya umeme. Mafundi huiita vali ya sailensa, yaani ya mizunguko ya injini wakati dereva hajakanyaga mafuta. Asubuhi injini ikiwa baridi, kompyuta ya gari huifungua zaidi na mizunguko hupanda kupita 1,000. Joto likifika, huibana. Ukiwasha AC au ukikata usukani gari limesimama, mzigo huongezeka, na kompyuta huruhusu hewa zaidi ili injini isizimike. Injini za dizeli kwa kawaida hazina vali hii, kwa kuwa nguvu zake hutawaliwa na kiasi cha mafuta, si cha hewa.

Miundo yake hutofautiana. Magari mengi ya General Motors ya miaka hiyo yalitumia mota ndogo inayosogeza sindano mbele na nyuma kwa hatua. Corolla 110, iliyojaa barabara zetu, ina kizibo kinachozunguka, nayo vali imefungwa chini ya throto bodi, yaani nyumba ya kibao, na maji ya rejeta hupita ndani yake.

Adui yake mkubwa ni masizi. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka tumboni mwa injini ili uunguzwe tena huacha utando mweusi, na vali huanza kukwama. Ikikwama imefungwa, gari huzima ukiachia mafuta. Ikikwama wazi, injini hunguruma muda wote na kula mafuta bure. Mashine ya kupimia gari inaweza kusoma P0505, yaani hitilafu katika mfumo wa sailensa. P0506, mizunguko iko chini mno. Au P0507, iko juu mno.

Hata hivyo, namba hizo hazisemi kwamba vali imekufa. Mpira wa hewa uliopasuka au gasketi inayovuja huingiza hewa ambayo kompyuta haikuiruhusu, na sailensa ikapanda na kushuka vilevile. Kwa hiyo mipira hukaguliwa kwanza, kisha vali hufunguliwa na kusafishwa kwa dawa ya kabureta, bila kuiacha dawa iingie kwenye mota. Ile yenye sindano haisukumwi kwa kidole, maana meno yake ya ndani huvunjika.

Ikibidi kubadilisha, injini ipoe kwanza, hasa pale maji yanapopita kwenye vali. Waya hasi wa betri huchomolewa, skrubu hulegezwa taratibu kwa bisibisi inayokaa sawasawa, uso wa kukalia husafishwa, na gasketi huwa mpya. Baada ya hapo maji huongezwa na hewa hutolewa kwenye mfumo, kisha injini huachwa ingurume mpaka kompyuta izoee vali mpya.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 BMW ilianza kuuza gari ambalo kibao chake cha hewa huendeshwa na mota ya umeme badala ya kebo. Mfumo huo ulipoenea, kibao chenyewe kikashika sailensa, na vali ikakosa kazi.

Kama gari lako bado linayo, usikubali fundi akaze skrubu ya kibao ili tu mizunguko ipande. Hiyo huficha ugonjwa na kuidanganya kompyuta. Mwambie akague mipira na kusafisha vali kwanza. Spea inunuliwe vipimo vikishathibitisha.