Je, uuze sarafu za babu hali inapokuwa ngumu?

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema akiba haiozi. Hawakutuambia, hata hivyo, ni siku gani akiba hiyo inafaa kutolewa mvunguni mwa kitanda, wala ni nani katika nyumba aliye na haki ya kuitoa.

Swali hilo lilimkabili rafiki yangu mmoja wa mtaa wa Changamwe, Mombasa, Januari 2021. Alikuwa mhudumu katika hoteli ya ufuoni kwa miaka mingi. Ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia nchini Machi 2020 na watalii wakakoma kuja, yeye na wenzake waliambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa. Hakuitwa. Mkewe alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi, biashara iliyotosha chakula lakini si kodi ya nyumba. Shule zilipofunguliwa tena Januari, watoto wao wawili wa sekondari walihitaji karo, na mwenye nyumba alikuwa akidai kodi ya miezi minne.

Mvunguni mwa kitanda mlikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa sarafu. Babu yake, aliyekuwa kuli katika bandari ya Kilindini, ndiye aliyeanza kuzikusanya. Baba yake akaongeza zake. Yeye mwenyewe akaongeza zile alizoachiwa na watalii hotelini. Kwa vizazi vitatu hakuna aliyewahi kuuza hata moja.

Asubuhi moja aliubeba mkebe huo hadi mjini kwa mnunuzi wa vitu vikuukuu. Mnunuzi hakuzihesabu sarafu. Alizimimina zote kwenye mizani, akazipima kwa pamoja, akasema atatoa Sh6,000 taslimu, papo hapo. Rafiki yangu alikuwa amebaki na nauli ya kurudi tu, na alikaribia kukubali. Kilichomzuia ni jambo dogo. Mnunuzi huyo alikuwa ameichomoa sarafu moja, akaigeuza mara mbili, kisha akairudisha ndani ya rundo bila kusema neno.

Jioni alimsimulia mkewe.

"Baba watoto," mkewe akamwuliza, "huyo mtu alikuwa akinunua sarafu au akinunua shida zetu?"

Si kila kikuukuu ni ghali

Usiku huo familia nzima iliketi sakafuni, mkebe ukamiminwa juu ya mkeka. Binti wa kidato cha nne alichukua daftari akaandika kila sarafu, nchi yake, mwaka wake na hali yake. Wakati huo ndipo waligundua kwamba waliyokuwa nayo hayakuwa mali ya aina moja.

Fungu kubwa lilikuwa la shilingi za Afrika Mashariki, zile zenye picha ya simba na milima nyuma yake. Wengi wetu hudhani shilingi hizo ni fedha tupu, yaani madini yale meupe yanayotengenezewa pete na mikufu. Sivyo. Zile zilizotengenezwa kati ya 1921 na 1946 zina fedha robo tu, robo tatu zilizobaki ni madini mengine. Shilingi moja ina uzito wa karibu gramu nane, kwa hivyo fedha iliyomo haifiki gramu mbili. Zile za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa.

Fungu la pili lilikuwa la reale tano, sarafu kubwa zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Reale hizi zilitumiwa sana katika biashara ya pwani yetu, Ethiopia na Uarabuni. Rafiki yangu aliamini kwamba sarafu ya 1780 haina budi kuwa na bei ya kutisha. Ukweli ni kwamba malkia huyo alifariki 1780, na tangu hapo reale zimeendelea kutengenezwa kwa mwaka uo huo, nyingine katika karne ya ishirini. Mwaka ulioandikwa hausemi lolote kuhusu umri wake. Hata hivyo, reale moja ina uzito wa gramu 28, na ndani yake mna zaidi ya gramu 23 za fedha halisi. Hiyo pekee ni thamani isiyopaswa kupimwa pamoja na vyuma chakavu.

Kijana wao wa kidato cha pili aliruka kwa furaha alipoona senti kumi ya 1936 yenye jina la Mfalme Edward VIII. Alikuwa amesoma kwamba mfalme huyo aliacha kiti Desemba 1936 kabla hajavikwa taji, na kwamba sarafu za Uingereza zenye sura yake ni adimu mno. Alikuwa sahihi kuhusu Uingereza. Lakini senti zetu za matundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, na zilitengenezwa kwa wingi mwaka huo. Bei yake ni ndogo. Uso wa kijana ulianguka.

Iliyobaki ilikuwa ile sarafu ambayo mnunuzi aliigeuza. Ilikuwa rupia ya 1888 yenye neno Mombasa, iliyotolewa na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki kabla nchi hii haijawa chini ya serikali ya Uingereza hapo 1895. Hiyo ndiyo iliyokuwa na wakusanyaji wanaoitafuta.

Lakini hapo pia palikuwa na uchungu. Kijana alipokuwa darasa la sita, alikuwa ameipeleka rupia hiyo shuleni kwa maonyesho. Ili ing'ae, aliisugua kwa limau na majivu. Mkusanyaji wa sarafu hataki mng'ao wa namna hiyo. Anataka sarafu ikiwa na rangi iliyotiwa na wakati, na akiona alama za kusuguliwa hupunguza bei, pengine nusu au zaidi. Akiba haiozi, lakini yaweza kusuguliwa ikaisha. Ikiwa unazo sarafu za zamani nyumbani, tafadhali usiziguse kwa siki, majivu, dawa ya meno wala sufi ya chuma. Zishike kwa ukingo na uziweke katika bahasha za karatasi kavu.

Hazina ndani ya soksi

Ndani ya soksi moja kuukuu mlikuwa na sarafu za watalii. Hapa ndipo palipotoka ajabu. Lira za Italia na faranga za Ufaransa hazibadilishwi tena, kwani muda wake uliisha zamani. Lakini mark za Ujerumani bado zinapokewa na benki kuu ya nchi hiyo, Bundesbank, sarafu na noti vilevile, bila kikomo cha muda. Kiwango ni kile kile kilichowekwa euro ilipoanza: mark 1.95583 kwa euro moja. Rafiki yangu alikuwa na mark 140, ambazo ni zaidi ya euro 71. Mpwa wake anayeishi Hamburg alikubali kumbadilishia atakapozipata.

Kinyume chake ni fundisho ambalo Wakenya wengi walilipata 2019. Noti za zamani za Sh1,000 zilikoma kutumika baada ya Septemba 30 mwaka huo. Aliyezificha kwenye godoro akingoja, alibaki na karatasi. Si kila kinachowekwa hukua. Kwa hiyo, kabla ya kusema "hii nitaiweka", jiulize unaiwekea nini.

Mali ya nani?

Mke wa rafiki yangu ndiye aliyeuliza swali zito zaidi. Mkebe ulikuwa wa marehemu baba mkwe, na marehemu aliacha watoto watatu, si mmoja. Je, huyu aliyelala juu ya mkebe ndiye mwenyewe?

Alimpigia simu dada yake mkubwa aliyeko Malindi. Mambo hayakuwa mepesi. Dada alinyamaza, kisha akamwuliza kama anataka kumwuza babu. Rafiki yangu alikasirika, akamjibu kwamba babu hatalipa karo kutoka kaburini. Simu ikakatwa.

Siku mbili baadaye dada ndiye aliyepiga. Hakuomba radhi, naye hakuombwa. Alisema shilingi za simba na reale ziuzwe, kwani babu naye alizipata kwa kubeba magunia na alikuwa akiziweka kwa siku kama hii. Aliomba kitu kimoja tu: ule mshipi wa ndururu.

Vijana wa leo huenda hawajui ndururu. Ilikuwa senti tano, yenye tundu katikati, na watu walizoea kuzitunga uzi wasizipoteze. Katika mkebe mlikuwa na ndururu na senti kumi zaidi ya thelathini, zimetungwa katika kamba ya katani iliyofungwa na babu kwa mkono wake. Hakuna mnunuzi ambaye angezilipia sana. Kwa dada, aliyekuwa akichezea mshipi huo mapajani pa babu, hazikuwa na bei.

Kaka mdogo alisema yeye yuko tayari kwa lolote mradi watoto warudi shule.

Kununua muda

Kosa kubwa la mtu mwenye dhiki ni kudhani kwamba kila deni linadai leo. Kabla ya kuuza chochote, rafiki yangu alivaa shati lake la kazi akaenda kumwona mwalimu mkuu. Akakubaliwa kulipa karo kwa awamu. Akaenda kwa mwenye nyumba na hela kidogo mkewe alizokopa kwenye chama, akaongezewa mwezi mmoja. Hakuwa na pesa zaidi kuliko jana, lakini sasa alikuwa na majuma matatu.

Majuma hayo aliyatumia kuuliza. Alimwendea sonara mmoja Mji wa Kale, akaenda duka la vitu vya kale, akampata mkusanyaji mmoja kupitia kwa mwalimu wa historia. Hakuwaonyesha mkebe mzima. Aliwaonyesha daftari na sarafu chache, akaandika bei ya kila mmoja. Aliangalia pia bei katika intaneti, akajifunza kwamba bei inayoitishwa si bei inayolipwa. Mtu aweza kuitisha laki moja kwa senti kumi, na isinunuliwe hadi kiama.

Mwishowe sonara alinunua reale kwa uzito wa fedha, na mkusanyaji akachukua shilingi za simba. Jumla alipata Sh18,500, zaidi ya mara tatu ya alizoahidiwa kwa mkebe mzima, na bado rupia, mark na mshipi vilikuwa vimebaki. Pesa hizo hazikumaliza shida. Zililipa karo ya binti na sehemu ya ile ya kijana. Kodi waliilipa polepole kwa mahamri, hadi rafiki yangu alipopata kazi katika hoteli nyingine mwishoni mwa mwaka huo.

Rupia ya 1888 haikuuzwa. Waliandika katika daftari kwamba itauzwa kwa ugonjwa tu, na kwa idhini ya ndugu wote watatu. Jambo jingine lililowafanya wasubiri ni sheria. Sheria ya makumbusho na urathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayekushawishi uitume sarafu ya namna hiyo ng'ambo kimyakimya anakutia matatani. Pita kwanza katika Makumbusho ya Taifa ukaulize.

Na wewe msomaji?

Huenda huna mkebe wa sarafu. Pengine una stempu, cherehani ya marehemu mama, au bangili za shangazi. Maswali ni yale yale. Shida hii ni ya kupita au ni ya kudumu? Pesa nitakazopata zitaimaliza, au zitaisogeza hadi mwezi ujao tu? Ni nani mwingine mwenye haki katika kitu hiki? Na je, ninajua ninachouza?

Ikiwa mtoto yuko hospitali usiku huu, uza, na usilie. Hakuna babu aliyekusanya sarafu ili vitukuu wake wakose dawa. Lakini ikiwa haja yako yaweza kungoja majuma mawili, omba kwanza hayo majuma mawili, kisha ndipo uulize bei. Mnunuzi aliyetaka mkebe kwa Sh6,000 hakuwa mjanja sana. Alichokuwa nacho ni muda, na alijua rafiki yangu hakuwa nao.

Nilipomtembelea mara ya mwisho, mkebe ulikuwa mwepesi. Kijana, ambaye sasa amemaliza shule, ndiye aliyenionyesha rupia ikiwa ndani ya bahasha yake. Aliishika kwa ukingo.