Kaboni kwenda Dodoma? Sikiliza kwanza kabla hujatoa mshiko

Kuna ugonjwa umeingia mjini, jina lake kaboni. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa kufika Afrika, kila kijana mwenye helmeti na kaptura ya kubana anataka baiskeli kama ile ya Tadej Pogačar, yule Mslovenia aliyewatimulia vumbi wenzake kwenye vilima vya Kigali. Pita kijiwe chochote cha waendesha baiskeli utawasikia: "Mzee, kaboni ni bomba, unainyanyua kwa kidole!" Kwa kidole, sawa. Lakini mtu wangu, unataka kuinyanyua au unataka ikufikishe Dodoma?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi na washikaji wa mtaani tunajiandaa kutoka Dar hadi Dodoma kwa baiskeli, siku 4, kama kilomita 450 hivi, kuchangisha pesa za madawati. Hatujabuni kitu kipya. Msafara wa Twende Butiama, ulioanza 2019, unatoka Dar mpaka kijijini kwa Mwalimu, zaidi ya kilomita 1,300, na njiani wanatoa madawati na kupanda miti. Sisi ni wadogo sana mbele yao. Ila tuna utaratibu wetu: kila mmoja ana karatasi ya ahadi. Shangazi, bosi, mwenye duka la jirani, wote wameandika watatoa shilingi ngapi kwa kila kilomita utakayomaliza. Sasa hapo ndipo penye kasheshe. Baiskeli ikikufia Dumila, ahadi za kilomita zote zilizobaki zinazikwa nayo hapo hapo.

Baiskeli yangu ya sasa ni ya resi, ya chuma, mtumba, na kutu imeshakula fremu pale chini pedali zinapozungukia. Haiendi popote zaidi ya Kibaha. Nimedunduliza milioni 2 za kuibadilisha, na wiki 3 hizi nimekuwa mgeni wa kila siku wa wauza baiskeli za mtumba.

Tuelewane kwanza kaboni ni kitu gani, maana wengi wanadhani ni aina ya bati jepesi. Ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele, zinapangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi inayokauka ikawa ngumu. Uzuri wake ni kwamba mtengenezaji anaweza kuamua pa kuweka tabaka nyingi na pa kupunguza, hivyo fremu inakuwa ngumu pale unapokanyaga na inalegea kidogo pale unapokaa. Si kitu cha jana. Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France ya 1986 akiwa juu ya fremu ya kaboni. Wepesi ulizidi mpaka wakubwa wa mchezo huo duniani wakaweka sheria: baiskeli ya mashindano isiwe chini ya kilo 6.8.

Poa. Sasa njoo kwenye hesabu, ambayo vijiweni huwa haifanywi. Mimi nina kilo 68. Ongeza maji, tyubu za akiba, pampu na spana, kilo 4. Baiskeli ya alumini ya kilo 9.5 inanifikisha kwenye kilo 81 na ushee. Ya kaboni ya kilo 8 inanipunguzia kilo moja na nusu, yaani haifiki asilimia 2 ya mzigo wote. Kwenye mlima wa saa nzima nitafika juu dakika moja mapema. Moja tu! Na kwenye tambarare uzito karibu hauna kazi, adui ni upepo, na dawa ya upepo ni kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzako. Ukikaa vizuri nyuma yake unaokoa robo mpaka theluthi ya nguvu zako, bure, bila hata senti tano.

Baiskeli ya kwanza ya kaboni niliyooneshwa ilikuwa nyeusi, tamu kuitazama, bei milioni 2 kasorobo baada ya kuvutana. Muuzaji kijana mcheshi, ananiita 'blaza' kila neno la tatu. Nikamwomba kitambaa chenye maji na tochi ya simu. Chuma kikigongwa kinapinda, unaona kwa macho. Kaboni inaweza kupasuka ndani kwa ndani na juu rangi ikabaki inacheka. Kwa hiyo unaisafisha, unamulika pale foku inapoingia kwenye fremu, pale kwenye pedali, pale siti inapobanwa, na upande ambao mnyororo huwa unaangukia. Stika iliyokaa mahali ambapo kiwanda hakiweki stika, ibandue. Kisha chukua sarafu ugonge polepole fremu nzima. Panapolia sauti kavu ni pazima. Sauti ikibadilika ghafla ikawa nzito kama ya kugonga kadibodi, weka alama ya kuuliza hapo.

Ile yangu ililia vizuri kila mahali. Lakini nguzo ya siti iligoma kutoka. Nguzo ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya kaboni, ikanyweshwa jasho na unyevu wa chumvi, inashikana nayo kama ndugu. Muuzaji akasema, "Blaza, si inakutosha hivyo hivyo?" Ilikuwa juu sentimita 3 kuliko miguu yangu inavyotaka. Sentimita 3 Kariakoo si kitu. Kwa kilomita 450 ni magoti na kiuno. Nikamshukuru, nikaondoka.

Tena kuna soo la mafundi. Fundi wangu wa kijiweni namheshimu sana, ameniokoa mara nyingi, lakini kipimo chake cha kukaza nati ni kukunja uso. Boliti nyingi za baiskeli ya kaboni zimeandikwa nguvu yake, mara nyingi Nm 5 au 6, na inatakiwa spana maalumu inayopima. Ukizidisha unaisaga fremu bila kujua. Chuma kikikatika Chalinze, mchomelea mageti atakuunganisha uendelee na safari. Alumini atakuangalia tu. Kaboni hata hatakuangalia.

Msifikiri naichukia. Mshikaji wangu mmoja kanunua ya kaboni, saizi yake, imekaguliwa, analala nayo chumbani, na akipita mbele yangu roho inaniuma kama kawaida. Mwenye mkwanja na fremu safi aende nayo. Ninachosema ni kwamba mshiko ukiwa wa kubana, kaboni isiwe ya kwanza kwenye foleni.

Cha kwanza ni tairi. Baiskeli nyingi za zamani za resi zina tairi za milimita 23, zinapigwa upepo mpaka zinakuwa kama mbao, na kila ufa wa lami unapanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Siku hizi hata mabingwa wa Ulaya wamehamia 28 na zaidi, kwa sababu tairi pana yenye upepo wa kiasi haipotezi mwendo kwenye lami mbovu na haikuvunji mgongo. Pima nafasi ya fremu na foku kabla hujanunua, maana zipo fremu nzuri kabisa ambazo hazipitishi zaidi ya 25. Kisha chagua zenye tabaka la kuzuia kutobolewa. Barabara ya Morogoro pembeni imejaa vipande vya nyaya kutoka kwenye tairi za malori zilizopasuka, vyembamba kama sindano. Hivyo ndivyo vinavyoua ahadi za shangazi.

Cha pili ni gia. Siku yetu ya tatu ni Morogoro hadi Gairo, kama kilomita 130, na ukishapita Dumila barabara inaanza kupanda kwelikweli. Baiskeli ya resi ya zamani mbele ina meno 39 na nyuma 23, maana yake kila ukizungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka 1.7. Hiyo ni kwa wanaume wa Tour. Ukipata mbele 34 na nyuma 32, gurudumu linazunguka mara moja na kidogo tu, unapanda umekaa, unapiga stori. Hakikisha tu kimkono cha nyuma cha kubadilishia gia kinaweza kubeba meno 32, maana vile vifupi vya zamani vingi havifiki huko.

Basi nimechukua ya alumini, saizi 54, yenye foku ya kaboni, inapitisha tairi za 28. Foku nimeikagua kwa sarafu kama nilivyowaeleza, nguzo ya siti inapanda na kushuka bila ugomvi. Laki 9 na nusu. Tairi mpya, gia za nyuma na nyaya za breki zimekula laki 3 na ushee. Kwenye zile milioni 2 zimebaki laki 7 na kitu. Nimekata za kula na kulala njiani, zilizobaki zimeingia kwenye mfuko wa madawati. Mshikaji wa kaboni anasema nimejikatia tamaa ya kuuza sura. Tutaonana Gairo.

Jumapili saa 12 asubuhi tunafanya jaribio kwenda Mlandizi na kurudi, mwendo wa kundi, hakuna kukimbizana. Mwenye pampu ndefu aje nayo, yangu inavuja.