Amsterdam kwa siku tatu: Vile utapanga na usichomeke

Kama umewahi kupanda ndege ya kwenda majuu kutoka JKIA, kuna uwezekano mkubwa ulipitia Schiphol. KQ na KLM zote zinaenda huko moja kwa moja, masaa nane na kitu hewani. Shida ni wasee wengi wameona Amsterdam kwa dirisha tu, wakikimbia kudaka ndege ingine. Na tao iko hapo tu! Treni inatokea chini ya uwanja wa ndege na kwa kama robo saa uko Centraal, katikati ya mji. Robo saa ya Nairobi saa kumi na mbili jioni haikutoi hata Bellevue.

Kabla ya selfi kwa daraja, wacha tuongee visa, juu hapo ndio doh nyingi hupotelea. Bila visa ya Schengen hutoki nje, hata kama una masaa kumi na mbili ya kungoja ndege. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na angalau siku 15 kabla. Usiwe wa dakika za mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90, hiyo ni zaidi ya Sh10,000, na ukinyimwa hairudi. Utahitaji pia bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, statement za benki na barua ya kazi ama ya shule. Ile mbinu ya kukopa beshte pesa ikae kwa akaunti siku mbili, maofisa wameiona mara elfu. Account ikifura ghafla inauliza maswali yenyewe.

So sheria ya kwanza: usilipie hoteli ya kutorudisha pesa kabla passport irudi ikiwa na stika. Chagua ile unaweza kughairi bure, hata kama ni ghali kidogo. Na ukiona bei ya chumba, kumbuka jiji lina kodi yake ya watalii, asilimia 12.5 ya bei ya malazi. Hiyo ndio hushtua watu wakati wa kulipa.

Wakati gani uende? Aprili tulips zimechanua na kila mtu anajua, so bei inapaa. Tarehe 27 Aprili ni sikukuu ya mfalme, mji mzima unavaa rangi ya machungwa na kupata keja inakuwa noma. Mimi ningekwambia Septemba. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, unaweza jikuta umetumia safari yote ukitembea gizani na baridi ikikukata maskio.

Sasa mifereji. Si ile ya kuchota maji kwa ploti, hii ni barabara za maji. Jina la mji lenyewe linatokana na bwawa lililojengwa kwa mto Amstel. Karne ya 17 wafanyabiashara walipoomoka, wakachimba mifereji mikubwa kuzunguka mji: Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht. Mwaka 2010 UNESCO iliweka eneo hilo kwa orodha ya urithi wa dunia. Cheki nyumba zenyewe: nyembamba, ndefu, na juu kabisa kuna ndoano. Ngazi za ndani ni kali kama za kupanda mnazi, so fanicha huvutwa kwa kamba na kuingizwa kupitia dirisha. Hiyo pia ni onyo kwako mwenye suitcase ya kilo 30: hoteli ndogo nyingi hazina lifti. Uliza kabla.

Na hizo majumba hazikujengwa na biashara safi pekee. Sehemu ya utajiri huo ilitoka kwa utumwa na makoloni, Suriname na Indonesia. Tarehe 1 Julai 2023 mfalme Willem-Alexander aliomba msamaha hadharani, hapo hapo Amsterdam. Ukipita Herengracht ukipiga picha, jua unaangalia nini.

Boti ya kawaida ya watalii inakuzungusha kama saa moja. Panda jioni, taa zikiwaka kwa madaraja, hapo utaelewa kwa nini watu huimba huu mji. Ukiwa umesota, nyuma ya Centraal kuna feri ya kuvuka maji ya IJ hadi Noord, na ni bure kabisa. Watu wa huko huipanda na baiskeli zao wakienda job. Likoni flani hivi, lakini bila kusukumana.

Makumbusho usijaribu kutokea tu mlangoni. Nyumba ya Anne Frank, pale Prinsengracht, ni ndogo na tiketi zinauzwa kwa mtandao pekee. Kila Jumanne wanaachilia za wiki sita mbele, na zinaisha mbio. Yule msichana Myahudi alijificha humo na watu wengine saba kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka Agosti 1944 waliposhikwa. Ukitoka huko huwezi ruka moja kwa moja kwa sherehe, so usipange kitu kizito baada yake. Van Gogh pia unachagua saa yako mapema. Rijksmuseum ndio kuna mchoro wa Rembrandt wa 1642, walinzi wa usiku, mkubwa kama ukuta wa sitting room. Tiketi zote hizi unaweza lipia ukiwa Nairobi, hata na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Ukishafika lakini, beba kadi ya benki ya kushika mkononi. Treni na tram unagusisha kadi ukiingia, unagusisha tena ukitoka, na maduka mengi hayataki noti kabisa.

Manze, msosi! Usijifungie kwa zile hoteli zenye menyu ya picha na jamaa wa kukuvuta mlangoni. Enda soko la Albert Cuyp mchana, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Stroopwafel moto, biskuti mbili nyembamba zimeshikana na asali ya sukari, unakula ukitembea. Kuna pia samaki wa haring, hajapikwa, anatiwa chumvi na kurushiwa vitunguu. Jaribu kipande kimoja kabla ujitangaze shujaa. Chips wanakula na mayonnaise, na ukweli usemwe, wametushinda.

Ukitamani chakula cha kukushikilia, tafuta mkahawa wa Kisuriname. Wahindi walipelekwa Suriname kufanya kazi za mashamba, na vizazi vyao vikaleta roti Uholanzi: chapati, kuku wa mchuzi, viazi na maharagwe marefu. Utahisi ni kama mathee amekuja kukuona. Usiku mmoja weka pesa kando ya rijsttafel ya Kiindonesia, sahani ndogo ndogo zinajaa meza na wali katikati. Hiyo ni ya kugawana, usiende solo. Fika mapema pia, jikoni nyingi hufunga kabla ya saa nne usiku. Maji agiza ya bomba, ni safi.

Sheria ndogo za mtaa: ile lami nyekundu ni ya baiskeli, si ya kusimama kupiga picha. Ukisikia kengele, ruka. Kwa Red Light usipige wale madem picha, utaharibiwa simu. Na kama unafikiria zile coffeeshop zao, jua kuvuta bangi kwa barabara za eneo hilo kulipigwa marufuku 2023, na chochote utakachorudi nacho JKIA ni kesi yako na mbwa wa polisi.

Usiku wa mwisho, usinunue waridi za kuletea mtu. Nyingi zinatoka Naivasha, zinapitia mnada wa Aalsmeer karibu na Schiphol, na hazikupigwa interview ya visa. Nunua cheese.