Umenunua gemu, au umekodi tu?

Mwezi huu nimemaliza God of War Ragnarök, na tayari nimebadilishana CD na jirani. Yeye kanipa Spider-Man 2. Sijatoa hata ndururu!

Gemu ya kupakua mtandaoni haikupi nafasi hiyo. Huwezi kumwazima beste wala kuiuza ukiichoka. Unacholipia ni ruhusa ya kucheza tu.

Hata hivyo, CD nayo si kinga ya kila kitu. Chukua The Crew, gemu ya magari iliyotoka 2014. Ilihitaji intaneti hata ukicheza peke yako. Machi 31, 2024, kampuni ya Ubisoft ilizima seva zake, na waliokuwa na CD wakabaki na kisahani cha plastiki. Hasira hizo ndizo zilizozaa kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka gemu zilizouzwa ziendelee kuchezeka.

Kwa hivyo msee, kabla hujatoa pesa zako, uliza kwanza: hii inachezeka bila neti? Kama jibu ni la, subiri bei ishuke.