Mhusika msaidizi ndiye nguzo ya mchezo

WATOTO wanapokusanyika uani kucheza kalongolongo, swali la kwanza huwa ni nani atakuwa baba na nani atakuwa mama. Swali la pili, ambalo huzua ugomvi mkubwa zaidi, ni nani atakubali kuwa mtoto mchanga, mgonjwa au mgeni aliyepita kuomba maji.

Ugomvi huo hauishii uani. Humfuata mtoto hadi shuleni, ambako nafasi ya kuigiza mfalme huwaniwa na darasa zima ilhali ya mlinzi wa lango hupokewa kana kwamba ni adhabu. Huwafuata pia vijana wanaoketi mezani na karatasi, penseli na dadu kucheza michezo ya uhusika, yaani michezo ambayo kila mshiriki hujitwika nafsi ya mtu wa kubuni na kusema na kutenda kwa niaba yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba anayejitolea kuwa msaidizi badala ya shujaa hajapunjwa. Ameshika kazi ambayo bila hiyo hakuna mchezo. Mifano mingi inatoka Maseno na eneo pana la Kisumu. Hapo Maseno, kwenye mstari wa ikweta kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, vijana wamekuwa wakifunzwa uongozi tangu shule ya wamishonari ilipoanzishwa mwaka 1906. Pahali panaposifika kwa kulea viongozi ndipo panapofaa kuulizia habari za wale wanaosimama kando yao.

Nani humfanya mfalme awe mfalme?

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba mhusika mkuu ni yule ambaye visa vingi vya hadithi vinamzunguka, na kwamba wahusika wengine husaidia kumjenga. Maelezo hayo ni sahihi, ila wengi huyachukulia kumaanisha kuwa msaidizi ni mtu wa kujaza pengo.

Ukweli ni kwamba shujaa hana uwezo wa kujithibitisha mwenyewe. Kijana aliyevaa taji la karatasi hawi mfalme kwa sababu ya taji. Huwa mfalme kwa sababu walio mbele yake wameinama, wamenyamaza na kumsubiri aketi. Mlinzi mmoja akicheka, ufalme wote umeporomoka.

Wala uzito wa nafasi haupimwi kwa wingi wa maneno. Katika Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, mtabiri anayemwonya Kaizari hujitokeza mara chache mno. Hata hivyo, onyo lake hutanda juu ya kila hatua ya Kaizari hadi anapouawa.

Waluo nao wana ushahidi wao katika kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mikuki haikumdhuru. Maadui zake walimpa binti yao amwoe. Siku Luanda alipougua, alimwagiza mke huyo achanje kivuli chake badala ya mwili. Damu ikatoka kivulini na siri ikafichuka. Mke alirudi kwao na habari hiyo, na katika vita vilivyofuata Luanda alichomwa mkuki kivulini, akaanguka na kugeuka jiwe.

Watoto wakikiigiza kisa hiki, kila mvulana atataka kuwa Luanda. Lakini hebu msomaji amwondoe yule mke. Kitakachobaki ni mwanamume mwenye nguvu ambaye hashindwi wala hajulikani undani wake. Mke ndiye anayetufungulia siri ya shujaa, na ndiye anayebeba swali gumu la hadithi: je, uaminifu wake ulipaswa kuwa kwa mumewe au kwa jamaa zake?

Somo kutoka kwa Lupita

Mfano wa karibuni ni Lupita Nyong'o. Babake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017, anatoka Seme, si mbali na Maseno. Lupita alipokuwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet, mhusika mkuu katika tamthilia ya Shakespeare ya Romeo and Juliet, pamoja na kundi la Phoenix Players jijini Nairobi.

Hata hivyo, nafasi iliyomtambulisha ulimwenguni haikuwa ya mhusika mkuu. Filamu ya 12 Years a Slave ya mwaka 2013, iliyoelekezwa na Steve McQueen, inamhusu Solomon Northup, mtu huru anayetekwa na kuuzwa utumwani kusini mwa Marekani. Solomon aliigizwa na Chiwetel Ejiofor. Lupita aliigiza Patsey, mtumwa kijana katika shamba la pamba, na mnamo Machi 2, 2014 akatunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike katika nafasi ya msaidizi.

Inafaa kuchunguza Patsey anafanya nini katika hadithi. Kwanza, ana haja zake mwenyewe. Anataka kipande cha sabuni ajisafishe, na mateso yanapomzidi anamwomba Solomon amtoe uhai. Pili, anamtia shujaa majaribuni. Solomon anakataa ombi lile, kisha baadaye analazimishwa na bwana wao kumchapa Patsey kiboko kwa mikono yake.

Hapo ndipo mtazamaji anapotambua kwamba utumwa ulimuumiza mtu na pia kumgeuza chombo cha kuwaumiza wenzake. Solomon hangeweza kutuonyesha hilo akiwa peke yake. Tatu, Solomon anapookolewa, Patsey anabaki shambani. Furaha ya shujaa inakuwa na kidonda ndani yake, na kidonda hicho ndicho mtazamaji anachoondoka nacho.

Mchezo usio na mwandishi

Jukwaani na katika filamu, mwandishi amekwisha kugawa nafasi. Katika michezo ya uhusika, mgawanyo huo umeachiwa wachezaji wenyewe, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Michezo hii ilipata umbo lake la kisasa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani. Mshiriki mmoja huwa msimulizi na mwamuzi. Hueleza mahali walipo wenzake na kuigiza maadui na wapita njia. Kila mmoja wa wale wengine huwa na mhusika wake, ambaye sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi. Mhusika anapojaribu jambo la hatari, dadu hurushwa kuamua matokeo. Tangu toleo hilo la kwanza, pamoja na mpiganaji na mchawi, palikuwa na nafasi ya kuhani, ambaye miongoni mwa kazi zake ni kuwaponya wenzake.

Wachezaji wanne wakikaa mezani, na kila mmoja ameamua kwamba hadithi ni yake, basi mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hakuna anayesikiliza. Kila mmoja husubiri mwenzake anyamaze ili aeleze ushujaa wake, na baada ya saa moja mchezo umekuwa hotuba nne. Anayekubali kuwa msaidizi huwa ndiye anayeunganisha hotuba hizo zikawa hadithi moja.

Namna ya kuicheza nafasi hiyo

Tuchukue mchezo wa kubuni kuhusu wavuvi wa Dunga, ufuoni mwa Kisumu. Shujaa ni nahodha anayetaka kuingia ziwani usiku usio na mbalamwezi kuvua omena kwa taa, ingawa mawingu ya dhoruba yametanda. Wewe ni fundi wa mashua. Utafanya nini?

Jambo la kwanza ni kujipa haja yako. Fundi asiyetaka lolote ni sawa na nyundo yake. Sema, kwa mfano, kwamba hujalipwa kwa kazi ya mwezi uliopita na mwanao amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Sasa nahodha akiomba mashua, pana jambo la kuzungumzwa.

La pili ni kumfungulia shujaa mlango. Mwambie kwamba ubao mmoja wa chini umeoza, na umwachie yeye uamuzi wa kwenda au kukaa. Msaidizi bora huleta habari, swali au kizuizi, kisha humpisha mwenzake atende. Ukiuziba ule ubao kimyakimya na kusimulia ulivyofanya hivyo, umemnyang'anya uamuzi.

La tatu ni kuitikia. Nahodha akitoa amri, wewe ndiye utakayeonyesha kama ni mtu wa kuogopwa, kupendwa au kudharauliwa. Kuitikia huhitaji kusikiliza kuliko kusema, na wakati mwingine jibu zuri kabisa ni kuweka chini nyundo na kunyamaza.

La nne ni kukumbuka. Saa mbili baadaye, mashua inapoingia maji, fundi ndiye anayefaa kuutaja ule ubao. Hapo kauli ndogo ya mwanzoni inageuka kuwa kiini cha kisa.

Kusaidia si kufuata tu

Pana wanaoamini kwamba anayechagua nafasi ya pili hana msimamo. Historia ya Maseno inakanusha dhana hiyo. Jaramogi Oginga Odinga, aliyesoma na baadaye kufundisha Maseno, alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na kumtaja Jomo Kenyatta, aliyekuwa gerezani, kuwa kiongozi halisi wa Waafrika wa Kenya. Kanu iliposhinda uchaguzi wa mwaka 1961, Jaramogi akiwa miongoni mwa viongozi wake, ilikataa kuunda serikali kabla ya Kenyatta kuachiliwa.

Lakini Jaramogi huyohuyo, aliyekuwa Makamu wa Rais tangu mwaka 1964, alijiuzulu mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU alipoona kwamba njia zao zimeachana. Siasa si mchezo wa mezani, na gharama aliyolipa, ikiwemo kuwekwa kizuizini mwaka 1969, haikuwa ya kubuni. Hata hivyo, mkondo wa maisha hayo unaonyesha kwamba anayemsimamisha mwingine mbele yake hajauza nia yake. Fundi wa Dunga ana haki ya kumpa nahodha mashua, na ana haki pia ya kukataa kuipanda.

Nafasi isiwe kifungo

Tahadhari moja ni ya lazima. Sifa zote zilizotajwa hapa zinahusu nafasi iliyochaguliwa. Katika makundi mengi, nafasi ya kijakazi humwangukia mtoto yuleyule kila mara: mdogo kuliko wote, msichana pekee au aliyehamia kutoka shule ya mashambani na lafudhi yake ikachekwa. Huyo hajachagua kusaidia. Amefungiwa nafasi, na mchezo umekuwa njia ya kumkumbusha daima kwamba yeye si wa kusikilizwa.

Mwalimu anayeandaa kundi lake kwa tamasha za kitaifa za drama, zilizoanza mwaka 1959 na ambazo huwashirikisha wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, ana nafasi ya kuondoa dosari hiyo. Katika mazoezi ya mwanzo, wanafunzi wabadilishane nafasi, mfalme awe mlinzi na mlinzi awe mfalme. Yule aliyezoea kuwa shujaa atagundua jinsi ilivyo vigumu kusimama langoni kwa dakika kumi akiwa hai machoni pa watazamaji. Yule aliyezoea lango naye atapata fursa ya kusikika.

Kadhalika, msaidizi apewe jina, makazi na jambo analolitaka, hata kama maneno yake ni mawili tu. Baada ya zoezi, mwalimu amuulize mlinzi alikuwa akiwaza nini mfalme alipopita. Mwanafunzi mwenye jibu la swali hilo yuko tayari kupanda jukwaani. Asiye nalo arejeshwe mazoezini, hata akiwa ndiye mfalme mwenyewe.