Mitutu Iliyovunja Rekodi, na Nani Aliyelipia

Anayekwenda kwa fundi bunduki kuagiza bunduki ya kuwindia ya vipimo vyake mwenyewe hupoteza saa nzima akichagua mti wa kitako na darubini. Mtutu humalizwa kwa dakika tano: "Nipe mzuri." Halafu fundi anauliza: mzuri kwa lipi? Mitutu ina historia ndefu ya majigambo, ya unene, ya kasi, ya shabaha, na kila rekodi iliyowekwa ililipiwa na kitu kingine, ama ndani ya mtutu wenyewe ama begani mwa mpigaji. Ankara hiyo matangazo hayaitaji.

Tukitaja ankara, ya kale zaidi katika biashara hii ni ya mitutu mitupu. Tarehe 3 Oktoba 1526, ghala la silaha la Venice lilimlipa fundi Bartolomeo Beretta wa Gardone dukati 296 kwa mitutu 185 ya magobore ya wakati huo. Ukoo wa Beretta unafua chuma hadi leo, na mwaka 2021 ulinunua kampuni ya Holland & Holland ya London, ambayo ina majigambo makubwa ya unene wa tundu.

Mnunuzi mmoja wa Holland alikuwa Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864. Katika safari zake za mto Nile alichukua bunduki yenye uzito wa kilo 9 hivi, iliyorusha kombora la nusu ratili lililojazwa baruti. Waarabu aliofuatana nao waliipa jina la mtoto wa mzinga. Baker alikuwa pande la mtu, lakini aliandika waziwazi kwamba teke la bunduki hiyo lilimzungusha, na kwamba aliogopa kuifyatua. Bunduki ambayo mwenyewe anaiogopa ni mzigo wa mpagazi tu, hata iwe na sifa gani.

Karne moja baadaye kampuni hiyohiyo ilijifunga kwa mdomo wake. Mwaka 1975 ilitengeneza bunduki iliyotangazwa kuwa ya mwisho kabisa ya kipenyo cha .600 Nitro Express. Baadaye akaja tajiri wa Kimarekani na fedha zake mkononi, anataka ya .600. Neno lilikwisha kutoka, halirudi. Njia iliyopatikana ikawa kubuni kubwa zaidi, na mwaka 1988 ikazaliwa .700 Nitro Express: tundu la karibu milimita 18, risasi ya gramu 65 inayotoka kwa mita 610 kwa sekunde, nguvu ya jouli 12,000 hivi, na bunduki ya zaidi ya kilo 8 ili bega la mtu listahimili. Hakuna ndovu aliyeiomba.

Rekodi ninayoiheshimu zaidi iko upande wa pili kabisa. Walter Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya safari zake za pembe huko Karamoja, Uganda, aliua ndovu 1,011 katika maisha yake. Hesabu hiyo leo inachukiza, na haikosi kuchukiza. Lakini wengi wao aliwaua kwa mtutu wa milimita 7, wenye nguvu isiyofika hata robo ya ile .700. Bell alichunguza mafuvu ya ndovu mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande, na risasi yake ilikuwa ndefu, nyembamba, yenye ganda gumu, inayopenya mfupa bila kupinda njia. (Asimwige mtu: nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimeweka .375 kuwa kipenyo cha chini kwa wanyama wakubwa.)

Kilichoiwezesha risasi ile ni kitu ambacho waagizaji wengi hawakiulizi, nacho ni msokoto. Ndani ya mtutu mna mifereji inayozunguka, na hiyo ndiyo inayoipa risasi mzunguko hewani. Risasi ikiwa ndefu, inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi, la sivyo inayumba na kufika shabahani kiubavu. Mitutu ya Mauser ya milimita 7 ilizungusha risasi mzunguko mmoja kamili kila milimita 220, msokoto mkali kwa zama zile, uliokusudiwa kwa risasi ndefu na nzito.

Kosa maarufu zaidi la msokoto lilifanywa na watu waliojua wanachokifanya. Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilileta sokoni, kwa wakati mmoja, risasi mbili za milimita 6. Ya Remington, .244, ilikuwa na ganda lililotokana na lile la milimita 7 alilotumia Bell, na lilimeza baruti nyingi kidogo kuliko la mwenzake. Kwenye karatasi ilishinda. Lakini Remington waliamini mnunuzi atapiga wanyama wadogo waharibifu kwa risasi nyepesi, wakakata mifereji ya mzunguko mmoja kila inchi 12. Winchester, na .243 yao, wakakata kila inchi 10. Mnunuzi akataka bunduki moja ya kazi mbili, panya-buku leo na paa kesho. Risasi ndefu za gramu 6.5 zilitulia katika mitutu ya Winchester. Katika ya Remington watu hawakuziamini. Baadaye Remington walibadilisha msokoto ukawa inchi 9, na mwaka 1963 jina likawa 6mm Remington, lakini wateja walikwisha kuzoea dirisha jingine. Inchi mbili zilitosha kuzamisha risasi nzuri. Leo rekodi ya msokoto mkali iko kwenye 8.6 Blackout, mzunguko mmoja kila inchi 3, kwa ajili ya risasi nzito zinazokwenda polepole kuliko sauti. Kwa kazi hiyo unafaa. Usiuagize kwa sababu tu unasisimua.

Kasi nayo ina walevi wake. Mwaka 1935 .220 Swift ya Winchester ilikuwa ya kwanza ya kiwandani kupita futi 4,000 kwa sekunde. Risasi yake ya gramu 3 ilikwenda mita 1,250. Baadaye P. O. Ackley, fundi na mwandishi wa Marekani, aliombwa atafute futi 5,000. Alichukua ganda kubwa lililotengenezwa kwa bunduki ya wanyama wakubwa, akalibana shingo mpaka likashika risasi ya .22, akalipa jina la mzaha, .22 Eargesplitten Loudenboomer. Alifika futi 4,600 hivi. Baruti nyingi kupitia tundu dogo ni moto wa fundi vyuma: chuma kilicho mbele ya chemba hupasukapasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, na shabaha huondoka. Mfano mkubwa kuliko yote si wa uwindaji: mzinga wa Wajerumani ulioipiga Paris mwaka 1918 kutoka zaidi ya kilomita 100 ulikula mtutu wake kwa kila mpigo, hata makombora yakapewa namba, kila moja nene kidogo kuliko lililotangulia.

Kwa shabaha, wapigaji wa mezani hawana mpinzani. Mwaka 1973 Mmarekani Mac McMillan alipiga risasi tano kwa yadi 100, na vituo vya matundu vikatofautiana kwa inchi 0.009, chini ya robo ya milimita. Rekodi hiyo ilikaa miaka 40. Lakini bunduki hizo ni nzito, huwekwa juu ya mito ya mchanga, na hupigwa mfululizo. Mwindaji anahitaji risasi moja kutoka mtutu baridi, iende palepale ilipokwenda wiki iliyopita. Hilo ndilo swali la kumwuliza mtengenezaji, na mara nyingi nimeona halina nafasi kwenye brosha.

Namna ya kutengeneza si ya kukesha nayo. Mtutu wa kufuliwa kwa nyundo za mashine hukamilika kwa dakika chache. Ule wa kukatwa mfereji mmoja mmoja huchukua muda mrefu, maana kisu hung'oa sehemu chache za elfu za milimita kila kinapopita. Nimeona mizuri na mibovu ya aina zote mbili. Steyr wa Austria huziacha alama za nyundo nje ya mtutu, na mimi napenda kuziona, ingawa hazimwongezei mtu shabaha.

Umebaki urefu. Kila inchi unayokata huondoa takriban mita 6 hadi 9 kwa sekunde, hasara ambayo paa wa mita 150 hataihisi. Ndiyo maana mitindo ya sasa inakimbilia ufupi. Hata hivyo ufupi una mpaka: Marekani, sheria ya 1934 iliweka inchi 18 kuwa urefu wa chini wa mtutu kwa bunduki za kawaida, na mwaka 1960 ikashushwa hadi 16. Wengi wanaokata mitutu yao hukata ili wafunge kizuia sauti mdomoni, chenye urefu wa inchi 6 au 8, kisha wanaingia msituni na bunduki ndefu kama ya babu zao.